Waingereza na mzaha wa kifo

Mwingereza aliyefiwa ni mtu wa adabu sana. Atakwambia baba yake "passed away", yaani kapita, au kwamba wamempoteza, au kwamba hayuko nao tena. Kadi za rambirambi madukani zina maua ya rangi iliyopauka na maneno ya kufariji, na unaweza kupekua rafu nzima usikute palipoandikwa kwamba mtu amekufa. Halafu huyo huyo, mazishi yakishapita, akikaa baa na ndugu zake atasema mzee "kicked the bucket", kapiga teke ndoo, na meza nzima itacheka huku wengine wanafuta machozi.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Wenzangu wengi wa zamu wametoka Kenya, Zimbabwe, Nigeria na kwetu Tanzania. Tukiwa kwenye chumba cha chai, mazungumzo yakigusa mzaha huu, hukumu huwa moja: Wazungu hawana heshima kwa maiti. Mimi nimeacha kukubaliana na hukumu hiyo. Nimewasikiliza wazee wangu, nikaanza kufuatilia misemo hii imetoka wapi, na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyoiheshimu.

Neno la adabu linamwondoa marehemu mbele yetu. Kapita, kaenda, katutoka, kapumzika: mwili hauonekani, kaburi halionekani. Mzaha unamrudisha. Ndani ya mzaha kuna miguu inayorusha mateke, kuna shimo la futi sita, kuna mtu aliyelala chali chini ya nyasi akisukuma maua kwenda juu. Anayesema hivyo hajakwepa kitu. Kwa maoni yangu mzaha na neno kavu la "kufa" ni ndugu wa karibu, na neno la adabu ndilo lililo mbali nao wote wawili.

Chukua hiyo ndoo. Mwaka 1785 kapteni mmoja mstaafu, Francis Grose, alichapisha London kamusi ya lugha ya mtaani, lugha ambayo wasomi wa wakati wake waliiona uchafu. Grose alikuwa mtu mnene, mpenda kula na mpenda stori. Usiku alikuwa akitoka na mtumishi wake, Tom Cocking, wakipita vilabu vya pombe na vichochoro kusikiliza namna watu wa chini wanavyoongea. Kupiga teke ndoo imo mle, na maana yake imetolewa bila kuzunguka: kufa.

Ndoo yenyewe ni ipi? Maelezo ninayoyaona yana uzito ni ya machinjioni. Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, boriti ya kuning'inizia nguruwe kwa miguu ya nyuma iliitwa kwa jina hilohilo, "bucket". Nguruwe anatundikwa, kisu kinapita, na miguu inaendelea kurusha ikigonga boriti. Aliyekulia kwetu akitumwa kushika kuku miguu siku ya sikukuu anajua ninachosema: kichwa kiko kando na mabawa bado yanapiga vumbi. Msemo huu, kama ulianzia hapo, ulianza kwa mtu mwenye damu mikononi, aliyeona uhai ukitoka kila wiki na akajua unatoka vipi.

Kamusi hiyohiyo ina maneno yanayoumiza zaidi. London ya zama zile ilinyonga watu hadharani mahali palipoitwa Tyburn, karibu na lilipo lango la Marble Arch leo. Waliohukumiwa walitolewa gereza la Newgate juu ya mkokoteni, wakapitishwa katikati ya umati kuelekea magharibi, na ilikuwa desturi kuwasimamisha njiani wanyweshwe pombe. Si wauaji tu waliopita njia hiyo. Wezi wa kawaida pia walinyongwa. Kwa kuwa Tyburn ilikuwa jirani na Paddington, watu wa mtaani wakaiita siku ya kunyonga siku ya gulio la Paddington. Na kunyongwa kwenyewe wakakuita "to dance the Paddington frisk", kucheza ngoma ya Paddington.

Ngoma gani? Wakati ule kamba ilikuwa fupi. Mtu hakuvunjika shingo, alikabwa, na miguu yake ilirusharusha hewani kwa muda mrefu huku watu wakitazama. Ndugu na marafiki waliosimama chini walikuwa wakimshika miguu na kumvuta ili afe upesi. Hayo ndiyo yaliyopewa jina la ngoma. Unyongaji wa Tyburn ulikoma Novemba 1783, miaka 2 tu kabla ya kamusi ya Grose kutoka, kwa hiyo watu aliowasikiliza vilabuni walikuwa bado na picha hiyo machoni. Walikuwa maskini, na kamba ile ilikuwa yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Nikiwafikiria, siwezi kusema walikuwa wanamcheka marehemu. Wenye mamlaka walikuwa na lugha yao safi ya mahakama. Wao walikuwa na hii.

Naruka miaka zaidi ya mia moja hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inapoonekana wazi kuliko popote. Kila mji wa Uingereza una mnara wa kumbukumbu ya vita hiyo, na juu yake waliouawa wanaitwa "the fallen", walioanguka. Ni neno zuri, lina utulivu wa kanisani. Lakini wale vijana wenyewe, wakiwa hai ndani ya mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, walikuwa na maneno mengine. Kwenye maduka na vilabu vya Wafaransa walikuwa wakiambiwa "il n'y en a plus", yaani kitu kimekwisha, hakuna tena. Wakalikata na kulitafuna mpaka likawa "napoo". Mayai yakiisha, napoo. Bia ikiisha, napoo. Mwenzao akipigwa risasi, napoo.

Na walisema aliyekufa anasukuma maua: "pushing up daisies". Daisy ni kale kaua kadogo keupe chenye kitovu cha njano ambako hapa huota kwenye kila uwanja wa nyasi, hata mbele ya nyumba yetu ya wazee, na akija mkata nyasi Jumatatu, Ijumaa kamerudi. Mahandakini walikuwa wakichimba na kukuta waliozikwa mwezi uliopita. Walijua mwili unakuwa nini ndani ya udongo. Wilfred Owen, mshairi aliyekuwa ofisa katika vita hiyo, aliuweka msemo huu katika shairi lake "A Terre" kinywani mwa askari aliyejeruhiwa vibaya, na akauita imani ya askari, kama mtu anavyosema imani ya dini. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kumalizika. Telegramu ilimfikia mama yake Shrewsbury siku ileile kengele za amani zilipokuwa zinalia.

Vita ya Pili ilileta wanahewa. Kamandi ya ndege za kuangusha mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573, karibu nusu ya wote waliorushwa nayo. Wengi walikuwa vijana wadogo. Mtu mlikula naye chai jioni, asubuhi kitanda chake kimekunjwa na vitu vyake vinakusanywa. Walisema kaenda kwa Burton, "gone for a Burton". Mji wa Burton upon Trent ulisifika kwa kutengeneza bia, na wengi huuelewa msemo hivyo: katoka kidogo, kaenda kunywa moja. Sijui kama kuna mtu angeweza kupanda ndege usiku uliofuata akiwa na lugha ya kadi za rambirambi peke yake.

Hapa kwetu Lancashire msemo wenye nguvu ni "popped his clogs". "Clogs" ni viatu vyenye soli ya mbao iliyopigiliwa chuma, vilivyovaliwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba. "Pop" ni neno la zamani la kuweka kitu rehani. Wazee wangu hunieleza hivi: ukifa huhitaji viatu tena, basi nyumbani wanavipeleka kwa mweka rehani wapate chochote. Maandishini msemo huu umechelewa sana kuonekana, wakati viwanda vingi vilikuwa tayari vinafungwa, kwa hiyo huenda waliutunga watoto na wajukuu wakiwakumbuka wazazi wao. Hilo halinipunguzii kitu. Ndani yake kuna familia iliyokuwa maskini kiasi kwamba viatu vya marehemu ni mali.

Kuna bibi mmoja nimemhudumia muda mrefu ambaye aliingia kiwandani akiwa binti mdogo. Vyerehani vya kufumia vilikuwa na kelele kiasi kwamba wanawake walizungumza kwa kusomana midomo, na mpaka leo ukiongea naye hukutazama mdomo, wala hahitaji kifaa cha masikio. Siku moja namchana nywele nikamwambia shampuu yake inakaribia kwisha, nitaagiza chupa kubwa. Akasema, "Chukua ndogo tu, mwanangu. Naweza nikaacha viatu kabla kubwa haijafika nusu." Tukacheka wote. Kisha, bado nikiwa na kitana mkononi, akaniuliza: "Nikifa usiku, nani atakuwepo?"

Nilimjibu alivyouliza. Nikamtajia nani huwa zamu za usiku, kila baada ya muda gani tunapita vyumbani, na kwamba tukiona dalili mtu anakaa naye. Aliuliza na mengine: atavaa nini, nani atampigia binti yake simu, mlango utafungwa au utaachwa wazi. Mazungumzo hayo, daktari alishajaribu kuyaanza kwa upole wote na lugha yote ya kitaalamu, na bibi alikuwa akigeukia dirishani. Mzaha wake mwenyewe ndio uliomfikisha. Tangu siku hiyo mzee akinitania kuhusu kifo chake siharakishi kumwambia "usiseme hivyo, bado upo sana". Nanyamaza kidogo nione kama kuna kinachofuata. Mara nyingi kipo.

Sisi wahudumu na wauguzi nasi tuna maneno yetu, na hapa ni lazima niseme kwa uangalifu. Katika hospitali nyingi za Uingereza chumba cha maiti huitwa "Rose Cottage", nyumba ndogo ya mawaridi. Muuguzi akimwambia mwenzake kwenye simu kwamba mtu wa kitanda fulani anakwenda Rose Cottage, mgonjwa wa kitanda cha jirani hasikii neno la kumtisha. Baadhi ya wauguzi wakongwe hufungua dirisha mtu akishakata roho, ili roho ipite, na hufanya hivyo hata wasio na dini yoyote. Madaktari nao walikuwa na "ash cash", fedha za majivu: ada aliyolipwa daktari kwa kujaza fomu ya kuruhusu maiti ichomwe, katika nchi ambayo watu karibu 8 kati ya 10 huchomwa. Kufa kufaana, tungesema sisi. Ada hiyo iliondolewa England na Wales mwaka 2024 utaratibu wa vyeti vya vifo ulipobadilishwa.

Mwaka 2003 daktari Adam Fox na wenzake walichapisha utafiti kuhusu lugha hii ya wodini, baada ya kukusanya maneno zaidi ya mia mbili, na wakaona kwamba inafifia, kwa sababu sasa wagonjwa wanaweza kusoma mafaili yao na daktari anaweza kuulizwa mahakamani alimaanisha nini. Ni sawa ifutike mafailini. Mengi kati ya maneno hayo yalimdhihaki mgonjwa mwenyewe, unene wake, ulevi wake, uzee wake. Wodi ya wazee iliitwa chumba cha abiria wanaosubiri kuondoka. Hilo silipendi hata kidogo. Anayelisema hayumo katika safari hiyo, na mzee anayesemwa hakuulizwa.

Tofauti iko hapo, na naona watu wengi hawaitazami. Askari wa mahandakini alisema maua yale yanamsubiri na yeye. Bibi yangu alisema viatu vyake. Aliyecheza na neno alikuwa ameweka mwili wake mwenyewe mezani.

Kwa wafiwa sheria ni nyingine kabisa. Mafunzo tunayopewa hapa yanasisitiza useme neno lenyewe: "amekufa". Usiseme amepita, usiseme tumempoteza, kwa sababu mtu aliyeamshwa na simu saa 9 usiku anaweza kukuuliza, mmempoteza wapi? Mwanzoni lilinikwama kooni. Kwetu mtu hufariki, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki. Kufa tunawaachia mifugo na maadui. Lakini nimeona nyuso za watu wakipewa neno lenye ukungu, wakisubiri sentensi iishe, na nimeona wakipewa neno kamili. Neno kamili huwaumiza mara moja, na wanaanza kulia palepale bila kubaki wananing'inia.

Nilipomsimulia mama kwa simu mizaha ya Waingereza, hakushangaa hata kidogo. "Sasa mwanangu, hiyo si kazi ya watani?" Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, na kwenye mazishi yake watani wetu Wazaramo walifanya yao. Mmoja alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea uani kwa mwendo wa baba uleule wa kuburuta mguu, akawa anawafokea vijana kwamba chai haina sukari. Wanawake waliokuwa wamelia tangu alfajiri walicheka mpaka wakakaa chini. Makaburini akaingia mwenyewe ndani ya shimo, akajilaza, akasema huyu hazikwi mpaka deni lilipwe. Kaka yangu akatoa fedha. Mtani akatoka, akajifuta udongo, akashika sepetu na kufukia pamoja na wengine. Mtani hatukani msiba kutoka mbali. Anapika, anachota maji, anachimba kaburi, na mzaha wake unalipiwa kwa kazi hiyo.

Waingereza hawana mtani wa kurithi. Hakuna kabila wala ukoo uliopewa haki ya kumwigiza marehemu, kwa hiyo anayethubutu ni lazima awe amesimama karibu sana. Mwigizaji Graham Chapman alipokufa kwa saratani Oktoba 1989, akiwa na miaka 48, ibada ya kumkumbuka ilifanyika Desemba katika ukumbi wa hospitali ya St Bartholomew, London. John Cleese, rafiki yake na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, alisimama na kuanza kuorodhesha: kapiga teke ndoo, karuka kijiti, kauma vumbi, kazimika. Orodha hiyo iliiga mchezo maarufu wa vichekesho kuhusu kasuku aliyekufa, walioutunga pamoja Chapman na Cleese. Kisha akasema kuhuzunika ni upuuzi, afadhali kaondoka huyo mla vya bure, na kwamba anayasema hayo kwa kuwa Graham asingemsamehe akipoteza nafasi ya kuwashtua watu kwa niaba yake. Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Ukumbi unacheka kwa nguvu, na Cleese kuna mahali sauti inamkauka. Mtu wa nje angesema maneno yaleyale ingekuwa tusi.

Na pasipo na mtani, marehemu anaweza kujitania mwenyewe. Mchekeshaji Spike Milligan alifariki mwaka 2002, akazikwa Winchelsea, kusini mwa Uingereza. Alitaka jiwe lake liandikwe kwamba aliwaambia anaumwa. Wakuu wa dayosisi hawakutaka maneno hayo kwa Kiingereza katika uwanja wa kanisa. Familia ikapatana nao yaandikwe kwa Kiairishi, na ndivyo yalivyo hadi leo: "Dúirt mé leat go raibh mé breoite." Watu wanasafiri kwenda kulisoma.

Yule bibi wa kiwandani bado yupo. Mwaka huu tulijaza naye fomu ya matakwa yake ya mwisho, karatasi ambayo kila mkazi hujaziwa kama anataka: nyimbo gani, kuzikwa au kuchomwa, nani aitwe. Mimi naandika, yeye anasema, binti yake amekaa pembeni. Sentensi ya kwanza aliyotamka ilianza na "When I pop my clogs". Niliiandika hivyohivyo. Aliyekagua mafaili baadaye alipendekeza tuibadilishe isomeke "upon my passing", kwa kuwa karatasi rasmi inapaswa kuwa na lugha rasmi. Nilikataa, nikaeleza kwa nini, na binti yake naye akaandika barua fupi kwamba mama alisema alivyosema na akili zake ni timamu. Fomu imebaki na maneno yake. Ameomba pia jeneza lipite mbele ya kile kiwanda, ambacho sasa ni maghorofa ya kupangisha, na gari lisimame hapo kwa muda wa mtu kuvaa viatu.